Piga bila kupigana: kitenzi kimoja na kazi zake pwani ya Mtwara

Alfajiri kwenye diko la samaki karibu na kivuko cha Msangamkuu, Mtwara, kila mtu anapiga na hakuna anayepigana. Mwenye mtumbwi anapiga makasia kuwahi bei ya asubuhi. Kijana aliyeshinda jana akipiga mbizi sasa anapiga miayo. Dalali anapiga mnada wa changu na tasi. Mchuuzi wa Mikindani anapiga hesabu kichwani, kisha anampigia simu mteja wake. Kituoni mpiga debe anapiga kelele, dereva anapiga honi, na mama lishe anamaliza kupiga deki kibanda chake kabla wateja wa chai hawajapiga hodi.

Kiumbe pekee anayepigwa kikweli hapo ni pweza. Alitolewa kwenye mwamba maji yalipokupwa, na sasa anabamizwa juu ya jiwe mara kumi, mara ishirini, hadi nyama ilegee. Wanaoifanya kazi hiyo wakiieleza, mara nyingi hulirudia neno: pweza anapigwapigwa. Piga ya mara moja imeshagawiwa wengine wote pale dikoni.

Neno hili ni miongoni mwa yanayowahangaisha watunga kamusi, walimu na wageni wanaojifunza Kiswahili. Wengine huliona kama kitenzi chenye maana zisizohesabika. Wengine huliona kama kitenzi cha kivivu, kinachonyakua kazi za vitenzi vyenye ujuzi zaidi. Zote mbili ni hukumu za haraka, na pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Orodha isiyokwisha

Mmoja wa Wazungu wa kwanza kuorodhesha matumizi ya piga alikuwa na uhusiano wa karibu na kusini hii. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA, alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870. Mwaka 1876, akiwa tayari askofu, aliongoza msafara wa watumwa waliokombolewa kutoka Lindi hadi Masasi, akawaachia kijiji, na mwaka huohuo akatoa kijitabu cha maneno ya Kimakonde.

Baada yake kulikuja kamusi ya Ludwig Krapf mwaka 1882, kisha mbili za mwaka 1939: ya Frederick Johnson kwa Kiingereza na ya Padri Charles Sacleux kwa Kifaransa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na BAKITA ikatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Hakuna anayetunga kamusi ya lugha hii akaipita piga kwa mistari miwili.

Shida ni kwamba orodha hiyo haina mwisho. Likija jambo jipya mjini, piga hulipokea. Zamani zilikuwa bunduki, ramli na bomba la kutolea maji ya ngama. Zikaja picha, chapa, simu na taipu. Sasa ni selfi. Mtunga kamusi anayetaka kuzimaliza maana za piga anafanana na mtu anayehesabu mawimbi pale Msimbati: kabla hajafika mwisho, la kwanza limesharudi.

Nomino ndiyo nahodha

Ukiichunguza orodha yenyewe, jambo moja hujitokeza. Kinachobadilika ni jina linalofuata. Kitenzi kimesimama palepale. Pasi, mswaki, kura, chafya, goti, soga, hatua: maana imekaa humo. Piga hutoa tendo, jina hutoa habari. Kwa lugha ya baharini, piga ni mabaharia na jina ni nahodha. Chombo hakiendi bila mabaharia, lakini safari haichaguliwi nao.

Hata hivyo piga si mzigo mtupu. Huchangia ladha yake, na ladha hiyo bado inanukia mkono ulionyanyuliwa. Kwanza kuna chombo kinachotumika: pasi, deki, brashi, msasa, kasia. Pili kuna kurudia kwa mdundo, kama makasia na mswaki vinavyokwenda na kurudi. Tatu kuna ghafla: chafya, kelele, risasi, breki. Nne, na hii hupendwa na vijana, kuna bidii na raha. Anayekula ugali anakula tu. Anayepiga ugali amekaa sawasawa, mikono imekunjwa, na hataki maongezi.

> Anayekula ugali anakula tu. Anayepiga ugali hataki maongezi.

Mipaka nayo ipo. Mtu hapigi uzee, hapigi kiu, hapigi umaskini. Hali hizo humjia bila yeye kunyanyua chochote, na zikimzidi lugha hugeuza mambo: njaa ndiyo inayompiga yeye, baridi ndiyo inayompiga, au anapigwa na butwaa. Chafya na miayo hazitegemei hiari pia, lakini hutoka kwa kishindo, na kishindo kinatosha.

Ndiyo maana visawe vya piga si visawe kamili. Kunyoosha nguo hutaja matokeo, yaani nguo iliyonyooka. Kupiga pasi hutaja kazi yenyewe na chombo chake. Inawezekana kabisa kupiga pasi saa nzima na shati lisinyooke. Fundi anayepaka rangi na anayepiga rangi huenda wakawa mtu yuleyule, ila wa pili anasikika kama amepewa ukuta mzima na muda mchache. Kliniki, mama husema mtoto amechomwa sindano, kwa sababu yeye anaona ncha ikiingia. Anayemsimulia jirani kwa haraka atasema kapigwa sindano, na habari imekwisha.

Lugha pia huitumia piga kama mlango wa wageni. Majina mengi ya kukopa, hasa kutoka Kiingereza, huingia yakiwa majina tu na hayana kitenzi chake. Badala ya kuyageuza yenyewe, Kiswahili huyapa piga ya kutembelea: kupiga breki, kupiga honi, kupiga stata, kupiga jeki, kupiga lipu. Jeki imekwenda mbali zaidi ya gereji. Anayempiga mwenzake jeki siku hizi mara nyingi anamwongezea fedha za ada au za mtaji, na hakuna gari linaloinuliwa.

Zilizotoka majini

Pwani imetoa sehemu yake ya piga, na baadhi zimepanda nchi kavu zikasahau zilikotoka. Deki ni sakafu ya meli. Baharia aliyepiga deki alikuwa akiiosha kwa maji na brashi kabla chumvi haijaikausha. Leo msichana wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, anapiga deki sebule yenye saruji kwa tambara na ndoo. Meli imebaki ndani ya neno, haionekani.

Nyingine zimekaa kwenye chombo. Kupiga pondo ni kusukuma mtumbwi kwa mti mrefu kwenye maji mafupi, kazi inayofaa kwenye mikoko ya maingilio ya Ruvuma ambako kasia hugonga mizizi. Kupiga bisho ni kuuendea upepo kwa kukata huku na huku, tanga likihamishwa kila mara. Kupiga mbizi hakuhitaji maelezo, ingawa inafaa kukumbuka kwamba maji ndiyo yanayompiga mzamiaji masikioni, si yeye kuyapiga maji.

Simu ina historia yake. Neno lenyewe limetokana na Kiajemi, ambako sim ni waya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na kwa miaka mingi simu ilikuwa ujumbe uliogongwa kwa kidole juu ya kitufe, nukta na mistari. Kupiga simu wakati huo kulikuwa ni kupiga hasa. Ikaja mashine ya kuzungusha namba, ikaja ya kubonyeza, sasa ni kioo kinachoguswa kidogo tu. Mkono umezidi kuwa mwepesi, kitenzi kikabaki kilekile.

Pwani hii ya kusini inatoa pia mfano ambao mwalimu wa sarufi angetamani kuwa ameutunga. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Mmoja wa maadui wa matumbawe yake amekuwa baruti. Basi habari hiyo husomeka hivi: kupiga baruti kumepigwa marufuku, hifadhi inawapiga vita wapiga baruti, na mwanakijiji akisikia mlipuko apige simu. Piga tano katika sentensi moja, na inayovunja kitu ni ile ya baruti peke yake.

Msasa, danadana na mnada

Kwenye kibanda cha mchonga vinyago wa Kimakonde, gogo la mpingo hupitia mikono mingi ya chuma. Tezo huondoa nyama ya juu, ile nyeupe, hadi kiini cheusi kionekane. Patasi hutafuta uso, bega na vidole. Kisha kazi hupigwa tupa kuondoa makovu ya patasi, halafu hupigwa msasa: kwanza ule wenye chembe kubwa, mwisho ule laini kama ulimi wa paka. Vumbi jeusi hukaa kwenye kope za mchongaji. Msasa kwa asili ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja na kurithi jina.

Kutoka hapo neno limehamia kwenye ukurasa wa mbele wa magazeti. Madiwani wapigwa msasa. Watendaji wa kata wapigwa msasa. Maana yake wamekaa ukumbini siku mbili au tatu, wamefundishwa taratibu, wamekula chakula cha mchana. Msomaji haoni ajabu, na ni heri, kwa sababu picha ya diwani akisuguliwa kama kinyago ingemharibia mtu kifungua kinywa.

Danadana imetoka uwanjani. Mchezaji anayerusha mpira kwa mguu, goti na kichwa bila kuuacha uguse chini anapiga danadana, na vijana wa mtaani wanaozunguka uwanja wa Nangwanda Sijaona, waliokua wakiishangilia Ndanda FC, wanaijua tangu utotoni. Ofisini, anayepigwa danadana ni mwananchi: nenda dirisha lile, rudi kesho, faili halijashuka. Yeye ndiye mpira. Mkulima anayefuatilia malipo yake anaweza asijue hata mchezaji mmoja, lakini neno hilo analo.

Korosho zimeongeza sura nyingine. Mikorosho hupigwa dawa, hasa salfa, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Wengi husema pia kupuliza, na hapa kupuliza ni sahihi zaidi kwa macho, kwa kuwa mashine hutoa upepo na vumbi la njano. Lakini anayesema amepiga dawa anatangaza kazi iliyokwisha, shamba zima. Baada ya mavuno korosho huingia maghalani mwa vyama vya ushirika chini ya mfumo wa stakabadhi, zikapigwa mnada. Tangu msimu wa 2024 minada hiyo imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Hakuna nyundo, hakuna meza ya kugongwa, pengine hakuna hata sauti. Korosho zinapigwa mnada vilevile.

Irabu moja katikati

Palipo na hatari ya kweli si kwenye nomino bali ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili hubadili uhusiano wa watu na tendo kwa kuchomeka silabi kabla ya irabu ya mwisho, na kwenye piga mchezo huo ni mkali.

Kumpiga mtu makofi ni kosa la jinai. Kumpigia mtu makofi ni heshima. Tofauti ni irabu i, moja tu, na mgeni akiikosea jukwaani hotuba nzima hugeuka kesi.

> Kumpiga mtu makofi ni kosa la jinai. Kumpigia makofi ni heshima.

Mantiki yake iko wazi kwa mzawa hata kama hajawahi kuisoma. Kwenye kumpiga makofi, mtu ndiye anayefikiwa na kiganja. Kwenye kumpigia, viganja vinagongana vyenyewe kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo anayepigwa picha ni yule anayeonekana kwenye picha, na anayepigiwa picha ni yule aliyeiagiza. Mgombea hupigiwa kura na hupigiwa debe. Mdai hupigiwa magoti. Mpenzi hupigiwa simu. Yule anayempiga simu mpenzi wake amemrushia kifaa.

Silabi nyingine zina kazi zao. Kupigana ni watu wawili; kupigania ni mtu na jambo lake, haki au ardhi. Kupigilia ni kwa msumari na sakafu. Kupigisha ni kumfanya mwingine apige, kama askari mpya anavyopigishwa kwata. Kupigika kumepata maana ya mtaani: aliyepigika si aliyechapwa, ni yule ambaye maisha yamemkunja, viatu vimeisha kisigino na mfuko hauna kitu.

Ng'ambo ya mto, ng'ambo ya bahari

Kiswahili hakiko peke yake katika hili, na wa Mtwara hana haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, lugha ya ofisi ni Kireno. Humo bater ni kupiga, na Mreno akipiga makofi husema bater palmas, akibisha mlango husema bater à porta, akipiga taipu husema bater à máquina. Mfanyabiashara wa Kilambo anayevuka kwenda Palma anakuta desturi ileile kwa sauti nyingine. Pwani hiyo ina pia ndugu za Kiswahili, Kimwani na Kimakwe, lugha za wavuvi na wachuuzi ambao kwao mpaka ni maji ya kuvuka tu.

Kuvuka Bahari ya Hindi kunaleta mshangao mkubwa zaidi. Kiajemi kina zadan, maana yake ya msingi kupiga. Mwajemi akipiga simu husema telefon zadan, akipiga ala ya muziki husema saz zadan, na akipiga mswaki husema mesvak zadan. Kiarabu nacho kina daraba, na kutoa mfano kwa Kiarabu ni kuupiga. Ndiyo maana wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili huandika kupiga mfano, na mwanafunzi wa chuoni Mikindani husikia neno hilo kabla hajafundishwa sarufi yoyote. Ni vigumu kuamua kama Kiswahili kiliazima desturi hiyo kutoka kwa majahazi ya kaskazi au kilikuwa nayo tayari. Inavyoelekea yote mawili yana sehemu: lugha nyingi duniani zikitafuta kitenzi cha kutumwa huutazama mkono, kwa sababu mkono ndio uliopo karibu.

Darasani: Kiingereza na vijineno vyake

Shauri hili linagusa shule. Katika shule za msingi za serikali watoto husoma kwa Kiswahili; wakifika sekondari, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Miongoni mwa vizingiti vya kwanza ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno kifupi, off, up, out, on, na kubadilika kabisa.

Chukua take off. Take peke yake ni chukua, na off ni kuachana au kuwa mbali. Zikiungana, ndege ya Dar es Salaam inapaa kutoka uwanja wa Mtwara. Mzee anavua viatu mlangoni mwa msikiti. Duka la jirani limechanganya. Mtumishi amejipa mapumziko ya siku mbili. Kijana aliyeona askari ametoweka. Mchekeshaji anamwiga mwanasiasa hadi watu wanalia. Kiswahili kimetumia vitenzi sita tofauti, Kiingereza kimetumia kimoja na hakioni haya.

Waingereza wenyewe wanajua uzito wake. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi set kilikuwa na maana zaidi ya 430. Wahariri wa toleo la tatu walipofika kwenye run, mmoja wao alikaa nacho kwa miezi tisa akatoka na maana 645, nyingi zikiletwa na vijineno hivyo.

Njia ya kawaida ya kufundisha ni orodha. Mwanafunzi huandika kitenzi upande mmoja, maana upande wa pili, huzikariri usiku, huzisahau baada ya mtihani. Wanaoitetea njia hiyo wana hoja: mtihani huuliza maana moja kwa wakati, muda ni mchache, na darasa limejaa. Wanaoipinga husema orodha humfanya mtoto aamini kwamba Kiingereza ni lugha ya ajali, isiyo na mpango wowote.

Wapinzani wana nguvu zaidi, na ushahidi wao uko mdomoni mwa mwanafunzi mwenyewe. Mtoto wa Msangamkuu anayeweza, bila kufikiri, kutofautisha kupiga mbizi na kupiga soga, kumpiga makofi na kumpigia makofi, tayari ameielewa kanuni: kitenzi cha kawaida hukopesha mwendo, kijineno au jina jirani hutoa dira. Off ya ndege inayoachana na ardhi, ya kiatu kinachoachana na mguu na ya mtumishi anayeachana na kazi kwa siku mbili ni off moja. Si maana zote zitakazotii. Ile ya kuiga itabaki kukaririwa, kama vile hakuna anayeweza kueleza kwa urahisi kwa nini mtu akitia chumvi kwenye habari tunasema amepiga chuku. Lakini nyingi zitatii, na hiyo inapunguza daftari.

Wanaolalamika

Wapo wapenzi wa lugha wanaokerwa na piga. Kwao mtu asugue meno, anyooshe nguo, apake rangi, azungumze badala ya kupiga stori, asome badala ya kupiga kitabu, aombe fedha badala ya kupiga mzinga. Wanahofia kwamba vitenzi mahsusi vitazeeka kwa kukosa kazi. Hofu hiyo si ya bure. Magazeti yenyewe yana tabia ya kutafuta neno jepesi la kichwa cha habari, na piga huwa ndilo la kwanza kufika mezani.

Ila tuhuma ya uvivu haisimami vizuri. Kurasa za michezo, ambako piga ingeweza kutawala, zimejaa ndugu zake: timu huchapwa, hutandikwa, hutwangwa, hubamizwa. Mfanyakazi huchapa kazi, na mchovu huuchapa usingizi. Lugha yenye vitenzi vya kipigo vya kutosha kujaza ukurasa mzima wa matokeo ya ligi haijaishiwa.

Hoja yao nzito zaidi ni ya utata, na hiyo sasa ina uzito wa kisheria. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mlalamikaji akisema mbele ya hakimu kwamba mshtakiwa alimpiga, zamani swali lilikuwa kwa kitu gani. Siku hizi kuna swali linalotangulia: alipigwa ngumi, au alipigwa pesa?

Piga isiyo na jina

Hapo ndipo kitenzi hiki kimeanza kufanya jambo ambalo hakikulizoea. Kwa karne nzima na zaidi, jina lilikuwa nahodha. Sasa kuna piga mbili zinazosafiri bila nahodha.

Ya kwanza ni ya udanganyifu. Aliyenunua simu barabarani akakuta ndani ya boksi kuna kipande cha sabuni husema amepigwa, basi. Hakuna anayeuliza amepigwa nini. Kutoka hapo umezaliwa upigaji, neno ambalo wabunge, wakaguzi wa hesabu na wanachama wa vyama vya msingi hulitumia kwa wizi wa fedha za umma, na mpigaji amepata sura ambayo haikuwamo alipokuwa mpigaji wa ngoma. Inafaa kuona pia kwamba mpiga bado anadai jina la pili, mpiga picha, mpiga kura, mpiga mbizi, wakati mpigaji anasimama peke yake. Kiambishi kidogo cha mwisho kimewatenga wenye kazi na wenye tuhuma.

> Mpiga hudai jina la pili. Mpigaji anasimama peke yake.

Ya pili ni ya simu. Kwa kuwa karibu kila mtu ana simu mkononi, jina lenyewe limeonekana la ziada, likadondoshwa. Imebaki silabi ya kutendea, ile iliyowatenganisha wapiga makofi, na hiyo inatosha kubeba habari yote.

Jioni, kivuko cha Msangamkuu kikiegesha upande wa Msemo, abiria hushuka kwa msukumo na waliobaki huwapungia. Kelele za injini haziruhusu sentensi ndefu. Mchuuzi wa Mikindani, ndoo tupu kichwani, anamgeukia mvuvi aliyemuuzia changu asubuhi na kumpa neno moja tu: nitakupigia. Mvuvi anatikisa kichwa kukubali, anarudi kufunga mtumbwi wake.